Habari za Wakilindi na Nasaba za Watu Wengine

Wengi siku hizi watafuta asili ya ukoo wao, nao huambiwa waende maktaba. Shauri hili ni jema. Lakini twataka kukipima kitabu kimoja ambacho mtu wa Usambara au wa Bonde hawezi kukipita, nacho ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi. Kilipigwa chapa kwa sehemu katika misioni ya U.M.C.A. huko Msalabani, Magila, tangu 1895 hata 1907, kikatolewa tena mwaka 1962.

Kiswahili chake ni kitamu, twakisifu bila kusita. Twamwona Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu, akiwagawia watu nyama hata wakamfanya mfalme wao. Kisha wanawe na wajukuu, hata Kimweri aliyekufa 1862, na vita vya jamaa zake baada yake. Atafutaye nasaba ya wafalme atashiba.

Je, asiye Mkilindi? Jina la kitabu lamjibu. Habari hizi ni za baraza la wakubwa. Mkulima aliyewalimia hatajwi, wala baba yake. Tena mwandishi alikuwa mtumishi wa Semboja, mwana wa Kimweri, na huyo Semboja ndiye aliyepigana na Shekulwavu wa Vuga kugombea nchi. Basi asomaye habari za vita hivyo na akumbuke ni mkate wa nani mwandishi aliokuwa akiula. Hatusemi kwamba alisema uongo. Twasema alikaa upande mmoja wa moto.

Kwa hiyo mtu akikileta kitabu hiki shaurini, ili kuonyesha kwamba ukoo wa jirani ni wageni katika nchi kwa kuwa haumo, amewadhulumu watu, na kitabu pia. Mwaka 1974 Steven Feierman alitoa kitabu cha Kiingereza juu ya ufalme huo, baada ya kuwasikiliza wazee wa Kishambaa; ajuaye lugha hiyo avisome viwili pamoja. Na kwa watu wasio wakubwa, daftari la ubatizo la kanisa huenda likafaa kuliko vyote viwili.

Hata hivyo Habari hizi zisomwe zote, hata sura za vita zilizo ndefu mno, maana majina ya vijiji yametawanyika humo, na huenda kijiji cha babu kikatajwa mahali ambapo babu mwenyewe hakutajwa.