Heko kwa Wapiga Picha wa Popo

Picha ya popo akiwinda usiku, ikishatiwa fremu na kutundikwa ukutani, humsimamisha mpita njia: masikio wima, kinywa wazi, chura chini hana habari. Heko kwa wanaozipiga, na kwangu wa kwanza ni Merlin Tuttle wa Marekani.

Kule Panama, yeye na mtafiti mwenzake Michael Ryan walionyesha kwamba popo mla vyura humfuata chura kwa sauti. Dume anayeita jike hujiitia na mauti! Utafiti wao ulichapishwa mwaka 1981.

Picha nyingi za wakati huo zilikuwa za popo waliobanwa, wakitoa meno kwa hofu. Tuttle aliwazoeza kwa subira hadi wakaja wenyewe kuchukua chakula mkononi mwake, ndipo akawapiga picha wakiwa kazini. Flashi huwaka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, hivyo hata bawa linalopigapiga hutoka limetulia, utando wake mwembamba ukionyesha mishipa ya damu. Hiyo ni kazi ya fundi hasa.

Mwaka 1982 alianzisha Bat Conservation International, shirika la kuwahifadhi popo, na picha zake ndizo zilizombebea hoja.