Kitabu Kilichoshinda Kiko Wapi?

Mtungaji akishinda zawadi, watu huuliza, amepewa fedha kiasi gani? Ni wachache waulizao, kitabu chenyewe kiko wapi, nasi tupate kukisoma? Kwangu mimi swali hili la pili ndilo la kuipimia zawadi yo yote ya vitabu.

Mwaka 2014 iliwekwa zawadi ya maandiko ya Kiswahili, kwa fedha za kiwanda cha mabati cha Kenya pamoja na Cornell University ya Marekani, jumla dola 15,000. Lilikuwa jambo jema, maana mashindano makubwa ya Afrika yalizoea kuwatazama waandikao lugha za Ulaya. Mwaka 2015 walishinda Anna Samwel Manyanza kwa riwaya yake Penzi la Damu, na Mohammed Ghassani, mzaliwa wa Pemba, kwa mashairi ya N'na Kwetu. Vitabu vikachapwa. Lakini kuchapwa si kusomwa. Duka la vitabu liko mjini, na mkulima akiisha kununua madaftari na sare za watoto, fedha ya mashairi itoke wapi? Nayo mashairi ya mtu aliye mbali na kwao yana haki ya kufika kwao.

Tanzania nayo ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023. Mshindi wa kwanza hupewa shilingi milioni 10, na tena imeahidiwa ya kuwa mswada wake utachapwa na kupelekwa mashuleni na katika maktaba. Ahadi hiyo naiona kubwa kuliko zile milioni. Walakini nina neno juu yake. Kupeleka ni kazi ya siku moja, bali kuazimisha ni kazi ya kila siku. Kitabu kikifungiwa kabatini ofisini kisije kikachafuka, hicho hakikusambazwa. Kimezikwa kwa heshima. Hata nakala ziwekwazo katika Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, ni akiba njema kwa wajukuu, lakini mtu wa kijijini hazimfikii.

Wala njia si ngeni. Ofisi ya vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948, ilipeleka vitabu vya kuazima kwa masanduku na kwa posta. Ofisi hiyo haipo tena. Huko Garissa, tangu mwaka 1996, Kenya imevipakia vitabu hata juu ya ngamia.

Basi wenye kutoa zawadi na watenge fungu la kununulia nakala, na sanduku, na posho ya mtu mmoja wa kuandika daftari la waazimaji. Mwaka ukiisha, kabla ya kutangaza mshindi mwingine, waliitishe daftari lile walisome: kitabu kilitoka mara ngapi, kilirudi kimechakaa namna gani, na ni nani aliyekiomba mara ya pili.