Honi ya Bruno Cortona

Ni tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na Roma nzima imehamia baharini. Maduka yamefungwa. Katika jiji hilo tupu linazunguka gari la wazi, Lancia Aurelia, dereva wake akitafuta sigara na simu. Ndivyo inavyoanza Il sorpasso, filamu ya Dino Risi ya mwaka 1962, na kwangu mimi hakuna filamu ya Kiitalia inayoijua raha kwa undani kama hii, hata La dolce vita ya Fellini iliyoitangulia kwa miaka miwili.

Dereva ni Bruno Cortona, anayeigizwa na Vittorio Gassman. Anamwona dirishani Roberto (Jean-Louis Trintignant), mwanafunzi wa sheria aliyebaki nyumbani kujisomea. Anamwomba simu, kisha anamtoa kwenda kunywa kidogo. Matokeo yake ni siku mbili za safari kuelekea kaskazini kando ya bahari, kwa barabara ya Via Aurelia, Bruno akipiga honi yake ya mbwembwe na kuyapita magari ya wengine.

Gassman alikuwa mtu wa jukwaa, aliyeigiza tamthilia za Shakespeare. Hapa sauti ile nzito na kimo kile anavitumia kucheza dansi na mpira wa meza, kuteleza juu ya maji, kumchombeza kila mwanamke. Nasi tunafurahi naye kwa dhati, kwa sababu Risi hamsuti.

Kabla ya sinema Risi alisomea udaktari wa magonjwa ya akili, na jicho hilo linaonekana wasafiri wanapofika kwa ndugu zake Roberto, shambani, alikopitisha likizo za utotoni. Ndani ya dakika chache Bruno ameshang'amua kwamba binamu mtu ana sura na ishara za msimamizi wa shamba, si za baba yake. Roberto ameijua nyumba ile miaka yote asilione hilo. Tunacheka, na papo hapo tunamwona kijana akipokonywa utoto wake. Kuyabeba yote mawili katika tukio moja, bila muziki wa kutusukuma kulia, ni ufundi wa hali ya juu.

Baadaye waandishi, Risi pamoja na Ettore Scola na Ruggero Maccari, wanaligeuza jicho lile. Bruno anafika usiku kwa mkewe waliyeachana naye, na sasa yeye ndiye anayesomwa: binti yake ana mchumba tajiri aliyemzidi umri kwa mbali, na baba hana neno la maana la kumwambia.

Roberto, kwa upande wake, muda mrefu tunamsikia akiwaza tu: nishuke sasa, nimwache, nirudi vitabuni. Hashuki. Asubuhi ya mwisho anaungama kwamba hizo ndizo siku nzuri kuliko zote maishani mwake, na ni yeye anayepaza sauti Bruno akanyage mafuta.

Safari inaishia kwa ajali, na Risi alisimulia kwamba mtayarishaji, Mario Cecchi Gori, hakuutaka mwisho huo. Risi alikuwa sahihi kuushikilia. Kila gari lililopitwa tangu Roma lilikuwa likiutayarisha, sisi tukishangilia, na anayekufa ni yule aliyejifunza kufurahi siku iliyotangulia. Polisi wanapouliza, Bruno hajui hata jina la ukoo la rafiki yake.