Kupima Kisichoonekana

Ufundi wa kupima uzito wa kitu kwa kutazama kinavyopinda nuru inayopita karibu nacho ni katika kazi nyoofu kabisa za elimu ya nyota. Haumuulizi mtuhumiwa ameumbwa na nini, wala kama anawaka au amezimika; unataka uzito tu. Mwaka 1937 mwanaastronomia Fritz Zwicky alitabiri kuwa galaksi zingeweza kuwa lenzi za namna hiyo. Mwaka 1979 jambo hilo likathibitika, pale kiini king'avu cha galaksi ya mbali kilipoonekana angani mara mbili.

Picha pacha, hata hivyo, ni nadra. Ustadi wenyewe uko kwa galaksi hafifu za nyuma, ambazo umbo la kila moja limevutwa kwa asilimia moja hivi. Galaksi moja haithibitishi lolote, maana nyingi zina umbo la yai tangu asili. Mpimaji hukusanya maelfu na kutafuta wastani: maumbo ya asili, yakielekea kila upande, hufutana, na mvuto wa kile kilicho mbele ya galaksi hizo ndio unaobaki. Kwanza lakini huzichunguza nyota zilizomo katika picha hiyohiyo. Nyota ilipaswa kuwa nukta. Ikitanuka, ndivyo angahewa na darubini zinavyodanganya, na udanganyifu huo lazima utolewe kwenye kila galaksi. Kazi hii ya uvumilivu naistahi kuliko ugunduzi wowote wa ghafla.

Wapo wasemao hakuna maada nyeusi, yaani ule uzito usioonekana ambao vipimo hivi huufichua, ila kanuni ya uvutano ndiyo yenye kasoro. Mwanafizikia Mordehai Milgrom alipendekeza hivyo mwaka 1983, na hoja yake si ya kubezwa, kwani inaeleza vizuri mzunguko wa galaksi nyingi. Ila lipo Kundi la Risasi, makundi mawili ya galaksi yaliyopenyana. Gesi zake, zenye uzito mkubwa kuliko nyota zote humo, ziligongana zikapunguza mwendo. Darubini ya Chandra inaziona kwa eksirei. Mwaka 2006 Douglas Clowe na wenzake walichora ramani ya uzito kwa njia ya lenzi, wakakuta sehemu kubwa imetangulia na galaksi, mbali na gesi. Watetezi wa Milgrom wakajibu kuwa huenda uzito huo ni wa nyutrino, chembe zisizotoa nuru. Basi nao wamekubali kuwa kuna maada isiyoonekana.

Ni kweli kwamba lenzi haisemi chembe za maada hiyo ni zipi. Lakini maabara za chini ya ardhi nazo hazijakamata hata moja kwa uhakika, huku upimaji kwa lenzi ukisonga mbele: darubini ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, imepewa kazi ya kupima maumbo ya galaksi zaidi ya bilioni moja.