Mji Usiotolewa

Kwenye nyaraka na kwenye vibao vya getini wanaitwa wazee wasiojiweza. Makazi ya wazee wa namna hiyo yako Sukamahela, wilayani Manyoni, chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Wanaoishi kwenye makazi kama hayo wengi walikosa ndugu wa kuwatunza, na wamo walioletwa na ukoma, miaka ile jirani alipokuwa haingii nyumba ya mgonjwa. Neno “wasiojiweza” tumelizoea hata hatulisikii tena. Mhudumu ninayetaka kumsimulia alilisikia kila siku, na nadhani ufundi wake wote ulikuwa kubishana nalo kimyakimya.

Jina lake nalihifadhi, na vituo alivyofanyia kazi pia, maana alihamishwa zaidi ya mara moja. Sasa amestaafu, anafuga kuku. Alikuwa mtu wa maneno machache asiyependa kupigwa picha, na ukimtazama kwa haraka ungesema hafanyi kitu. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo siku ya kwanza.

Nianze na ubao wake wa bao. Ulikuwa na mashimo 32 kama ubao wowote, ila mapana kama visosi na hayana kina. Nikamwambia fundi kaharibu. Akanijibu kuwa ndivyo alivyomwagiza. Ukoma huharibu mishipa ya fahamu: mkono upo, lakini vidole havijui vimeshika nini, na vingine vimeshafupika. Kwenye ubao wa kawaida mkono wa namna hiyo unashindwa kuchota kete shimoni. Mwenye mkono anaona haya, anasingizia usingizi, anarudi chumbani. Kwenye ubao ule mzee alizikokota kete kwa ukingo wa kiganja, zikaja. Komwe hakuzitaka kwa kuwa zinateleza. Alikuwa ameokota vijiwe 64 korongoni, vya kukwaruza kidogo, akavichagua kimoja kimoja ukubwa ulingane.

Alikuwapo pia babu asiyeona. Mwenzake alimsambazia kete zake kwa sauti, moja baada ya nyingine, naye aliinamisha kichwa akisikiliza zinavyogonga mbao. Wajuzi wa bao wanajua adha yake: kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Babu yule alitamka “nimelala” huku mwenzake bado ana kete nne mkononi. Watu walioketi pale wakanyamaza kuzihesabu. Akawa amelala kweli, palepale aliposema. Hayo nayo tuyaitaje, kutojiweza?

Mhudumu alikuwa hachezi. Kazi yake ilikuwa kupanga nani aketi na nani, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Mgogo alimwekea Mnyamwezi. Manyoni ipo kwenye njia ya misafara ya zamani: Wanyamwezi wakipita Ugogo na mizigo ya watu kabla ya kuingia Mgunda Mkali, pori ambalo wapagazi waliliogopa kuliko simba. Utani wa makabila haya ni mkubwa kwa umri kuliko reli. Na tusi la mtani halina kesi. Mnyamwezi akikosea, Mgogo anamuuliza kama akili aliiacha Tabora. Mgogo akichelewa, anaambiwa aache kuombaomba, acheze. Wanacheka mpaka wanakohoa.

Sikuelewa uzito wa jambo hilo mpaka nilipokaa pale siku tatu. Mzee wa makazini anasemeshwa kwa upole mchana kutwa: pole babu, kula babu, inuka taratibu babu. Upole ule ni wa lazima, lakini anayesemeshwa hivyo miaka kumi hujikuta amekuwa mgonjwa hata akiwa mzima. Mtani anapomtukana anamrudishia utu uzima wake, kwa sababu hakuna anayemtania mtu asiyeweza kujibu.

Kengele ya chakula ikilia, wahudumu wengine wangekusanya kete. Yeye aliufunika ubao kwa ungo na kuuwekea jiwe juu, upepo wa Singida usije ukaufunua, wala kuku wasije wakalimaliza bao. Mabishano ya nani alikuwa na mtaji wakaenda nayo mezani, wakalala nayo. Asubuhi, kabla ya chai, wawili walikuwa tayari kwenye mwarobaini wakilisubiri jua lipande.

Wageni walikuwapo pia. Oktoba 1 ni Siku ya Wazee, Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 1990, na karibu na tarehe hiyo magari hufika na sabuni, sukari na mablanketi. Wazee hupangwa kwenye mabenchi, wanaimba, wanapigwa picha. Sina kejeli, sabuni inahitajika, tena sana. Lakini magari yakishaondoka inakuwa saa nane mchana, na saa nane ya makazi ya wazee ni ndefu. Yeye alikuwa fundi wa saa nane.

Kwa akina bibi alikuwa na hila nyingine. Karanga za jikoni angeweza kuzipokea zimeshapepetwa. Aliomba zije na maganda na vumbi lake. Kisha akamkabidhi ungo binti wa chuo aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, akamwacha ahangaike mbele ya bibi mmoja ambaye tangu wiki iliyotangulia alikuwa amegeukia ukuta. Binti alirusha karanga kama anayetupa maji. Zikamwagika. Bibi akatazama mara ya kwanza, akatazama mara ya pili, akasonya, akanyoosha mkono. Ungo ulipofika kwake alikaa wima. Aliupiga kwa chini kidogo kwa kiganja, akaulaza upande wa upepo, maganda yakatoka kwenye ukingo kama yaliyoitwa, karanga zikabaki zimejikusanya upande wake. Hakusema kitu. Binti akasogeza kigoda karibu, akasema, “Shikamoo bibi, nifundishe.” Mhudumu wakati huo alikuwa ameshaondoka. Nilimkuta nyuma ya jiko akiosha sufuria, kazi isiyokuwa yake.

Kuondoka ndiko kulikomgharimu zaidi, alikiri. Ukishaanzisha jambo unatamani uonekane umelianzisha, na ofisini wanataka ripoti.

Usiku walitegana vitendawili. Anayeshindwa hutoa mji, na wazee wale walikuwa na miji ya kutoa: reli, mashamba na vibarua viliwapitisha nchi nzima. Walitoa Tabora, wakatoa Kigoma, Moshi, Songea. Dar es Salaam ilitolewa kila siku bila huruma. Mhudumu alikaa pembeni akifuma, na alikuwa akisikiliza mji ambao mtu hautoi. Faili lilikuwa na nafasi ya mahali pa kuzaliwa, na mara nyingi ilikuwa imeachwa wazi au imejazwa kwa kubahatisha. Yeye alikuja kujua watu wanatoka wapi kwa njia hii.

Mzee mmoja aliwahi kutoa karibu kila mji uliopo kwenye ramani, isipokuwa kijiji kimoja kidogo upande wa Iramba, ambacho kilimtoka mdomoni siku moja tu alipokuwa na homa. Usiku niliokuwapo alibanwa na kitendawili cha mhudumu mwenyewe. Akafikiri, akatikisa kichwa, miji ikawa imemwishia. Kwa sauti ndogo akakitaja kijiji kile, kwamba basi akichukue.

Mhudumu aliendelea kufuma. Akasema hapana babu, hicho hakitoshi kwa kitendawili kigumu namna hii, nipe Dodoma.

Akampa Dodoma.