Kuoka Bila Oveni

Vitabu vingi vya upishi nilivyovisoma katika miaka ya kufundisha walimu huanza somo la kuoka kwa agizo la kuwasha oveni. Kwa binti wa Kishapu au Bukombe anayepikia mafiga, somo limekwisha hapo hapo. Silaumu vipimo vyao. Ninalolaumu ni kwamba vinamfundisha msomaji kuwa kuoka ni kazi ya nyumba ya mtu mwingine.

Chukua mkate wa mahindi mabichi. Mahindi hupukuchuliwa na kutwangwa, yakachanganywa na mayai, maziwa, chumvi na sukari kidogo. Mchanganyiko humiminwa katika sufuria iliyopakwa samli, ikatelekwa juu ya makaa machache, na makaa mengi yakawekwa juu ya mfuniko. Hapo ndipo penye siri: moto wa chini ukizidi, mkate huungua kitako na katikati ukabaki uji. Huchomwa kijiti, kikitoka kikavu, umeiva. Hukatwa vipande, ukaliwa pamoja na maharage au mchuzi wa nyama.

Wapo wanaoubeza kwa kuwa haukuumuka. Hawautendei haki. Mahindi hayana ule mnato wa ngano unaoshika hewa. Kinachoushikamanisha mkate huu ni mayai na wanga. Anayeupima kwa keki ni sawa na anayemlaumu mbuzi kwa kukosa nundu.

Lawama ninayoikubali ni ya mkaa. Miti ya Shinyanga ilikatwa mno, hata mradi wa HASHI ukaanzishwa mwaka 1986 kuhimiza watu wafufue ngitili, yale malisho yanayotengwa ili nyasi na miti vipone. Huko Geita dhahabu imevuta watu wengi, na kila kaya inataka moto. Basi chakula kinachodai makaa chini na juu hakina budi kujitetea.

Utetezi upo. Maharage huchukua saa nyingi motoni. Yanapoiva, makaa yake bado ni mekundu. Yahamishiwe juu ya mfuniko wa mkate, na moto uliokwisha kulipiwa utafanya kazi ya pili. Jambo hili akina mama wengi wanalijua bila kitabu. Nami nasema kuwa kitabu kitakacholiandika, hata kwa sentensi moja, kitamfaa mwalimu wa kijijini kuliko kurasa kumi za oveni.