Silaha Inayodai

Fumo Liongo hakuuawa kwa mkuki wala kwa mshale. Wasimuliaji wa mwambao wanasema mwili wake haukuingia chuma. Kilichomweza ni sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na mkono ulioishika ulikuwa wa mwanawe wa kumzaa. Alipozinduka akatwaa uta wake, akaenda hadi kisimani, akapiga goti, akaweka mshale tayari, na roho ikamtoka vivyo hivyo. Mji mzima ukakaa na kiu, kwani kila aliyejongea kuteka maji aliuona mshale umemwelekea. Kijana aliyeahidiwa makuu kwa kazi ile hakuyafaidi. Alishikwa na maradhi, akafa.

Askofu Edward Steere aliichapisha habari hiyo mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine alizozikusanya Unguja, na Muhammad Kijuma wa Lamu akaitungia utenzi mwaka 1913. Lakini kabla ya karatasi ilikuwapo midomo, na kabla ya midomo kuchoka yalikuwapo masikio yasiyoridhika upesi. Kila nilipoisikia ikisimuliwa, swali moja halikukosa kutoka kwa wanaosikiliza, tena kabla msimulizi hajalifikia: na yule mtoto je? Hawaulizi sindano ilitengenezwa na nani, wala shaba ilitoka wapi. Wanataka kujua aliyeitumia alilipa nini.

Mtu anayeuliza hivyo ni mtungaji, na fani yake ndiyo ninayotaka kuisifu.

Hadithi yetu haijawahi kuwa mali ya kinywa kimoja. Fanani anapoita “Paukwa!” anaomba njia, hadhira isipoitika “Pakawa!” hana pa kuanzia. Akishapewa njia hapewi yote. Kuna nyimbo ambazo yeye anazianzisha tu, wengine wakazipokea. Kuna mahali anaponyamaza makusudi ili adakiwe. Kuna bibi aliyeketi pembeni, ambaye aliisikia hadithi hiyo kwa mama yake, na atamkatiza bila haya akiona imepindishwa. Ustadi wa kundi hili hupimwa zaidi pale kinapoingia kitu chenye nguvu kupita kiasi: panga lenye laana, jini mwenye ahadi tamu, dawa ya kumfanya mtu asife. Nguvu ya namna hiyo ikiachwa mikononi mwa mtungaji mmoja huiua hadithi, kwa sababu anampenda shujaa wake na atamwepusha na deni. Wenzake hawampendi shujaa kiasi hicho. Wanaipenda hadithi.

Huku Amani, juu ya Usambara ya Mashariki, mahali penyewe panatia hamu ya kusimulia. Ukungu hushuka mchana kweupe ukayafunika mashamba ya chai ya Kwamkoro na Monga. Hondohondo hupita juu ya miti wakipiga mbawa kwa kishindo, na vinyonga wenye pembe wapo kweli, hawakubuniwa na mtu. Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pande nyingi za dunia. Baadaye wakaja watafiti wa malaria. Mwaka 1997 msitu ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Mtoto wa Amani anakua akiona watu wazima wakihesabu mbu na kupima majani, na jioni hiyohiyo anasikia kuhusu miti isiyoguswa kwa kuwa ina wenyewe. Sioni mgongano wowote hapo. Mambo yote mawili humfundisha kutazama kwa makini.

Ngano inayoonyesha fani hii vizuri kuliko zote nizijuazo ni ile ya Nunda, mla watu, ambayo nayo imo katika kitabu cha Steere. Sultani ana paka. Paka anakula kuku, watu wanashtaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Anakula mbuzi, jibu ni lilelile. Anakula ng'ombe, punda, ngamia, kisha watu. Na sultani bado anamtetea, mpaka siku mnyama anapowala watoto wake mwenyewe. Hapo ndipo anapokiri kwamba huyo si paka tena. Mwana mdogo anayedharauliwa anatoka kwenda kumwinda Nunda. Anaua mnyama, anamburuta hadi nyumbani akiimba, na mama yake anamwambia: mwanangu, siye huyu. Anarudi porini.

Sehemu hiyo ya kurudi porini ni ya hadhira. Msimulizi anasema, “Basi kijana akaenda, akaenda, akaenda,” kisha anangoja.

“Bibi, akamkuta nguruwe mwitu!”

“Haya, akamkuta nguruwe mwitu. Ana nini huyo nguruwe?”

“Ana pembe kama kinyonga!”

“Nguruwe wa pembe. Mjukuu wangu, hapo umemtia kijana kazini. Mkuki wake utapita wapi?”

Tazama kilichotendeka. Mtoto ameongeza kitisho, na bibi hakukikataa wala hakukifuta. Amekipokea na kumrudishia mtoto mzigo wake. Ukimleta mnyama, utafute na namna ya kumuua. Mnyama aliyekwisha kuuawa hafufuliwi kwa sababu tu mtoto mwingine alitaka kumuua yeye. Anayefuata sharti amshinde aliyetangulia, na kijana sharti achoke kila mara, kwani asipochoka, jibu la mama yake halitauma. Hakuna aliyewaandikia sheria hizi. Wamezijua kwa kuzomewa na kushangiliwa, na wanazilinda kwa ukali ambao sijauona katika mabaraza mengi ya watu wazima.

Wengine duniani walifika hapo kwa njia zao. Wanorse wa kale walikuwa na Tyrfing, upanga usiorudi alani bila kuua mtu kila unapochomolewa, hata kama aliyeuchomoa alitaka kuonyesha uzuri wake tu. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo ambamo watu huketi mezani, kila mmoja akamiliki mhusika wake, na hadithi ikatungwa kwa zamu za maneno na kete. Leo vijana wanaupeleka mbali zaidi: wanaandikiana kwa simu, kila mtu na mhusika wake, mapanga ya laana na mashetani tele. Kanuni yao kubwa ni kwamba hakuna ruhusa ya kumwamulia mhusika wa mwenzako. Unaweza kumrushia upanga, huwezi kuandika kwamba umempata. Ni kanuni ya adabu, nami naiona ni ndugu wa zile sheria za bibi na mjukuu wake.

Hazina ya silaha na laana tuliyo nayo pande hizi inatosha kulisha michezo hiyo kwa vizazi. Hapa chini ya mlima, karibu na Muheza, katika misheni ya Magila, kati ya mwaka 1895 na 1907 ilichapwa kazi ya Abdallah bin Hemedi, Habari za Wakilindi. Humo yumo Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, aliyezaliwa kigego: meno ya juu yalimtangulia, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi ya ukoo mzima. Wazazi wake walimficha akaishi. Walipokufa, ndugu walimnyima urithi. Akakimbilia Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko, na huyo kijana akafia mawindoni wakiwa pamoja. Mbegha hakuweza kurudi kumtazama baba wa marehemu. Akaingia milimani na mbwa wake na mikuki yake, akawapa Washambaa nyama, wakampa vyakula vya shamba. Akamuua simba, wakamshangilia Simba Mwene, wakamketisha Vuga awe mfalme wao.

Hapa laana haikukaa kwenye mkuki. Ilikaa kwenye ufizi wa mtoto mchanga, na mkuki ukawa ndio uliomfikisha kwa watu waliomtaka. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekuja Usambara miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, aliikuta habari hii midomoni mwa watu wengi, kiini kikiwa kimoja na mapambo yakibadilika kutoka mahali hadi mahali. Sishangai. Mtu wa Bumbuli ataachaje kumpitisha Mbegha kwao?

Kitabu hichohicho cha Abdallah bin Hemedi kinaendelea hadi kwenye silaha ambayo hakuna aliyeibuni. Mfalme Kimweri ye Nyumbai, wa ukoo wa Mbegha, yaani Wakilindi, alifariki mwaka 1862, na bunduki zilikuwa zimekwisha kujaa njia ya misafara huko bondeni. Mwanawe Semboja aliketi Mazinde, karibu na wafanyabiashara, akawa na silaha kuliko jamaa zake wa Vuga. Vita vya kugombea ufalme vikageuka biashara: mateka aliuzwa, fedha ikanunua baruti, baruti ikaleta mateka. Wabondei na watu wa Usambara ya Mashariki, waliochoka kutawaliwa na kuuzwa, wakainuka dhidi ya Wakilindi katika yale maasi yanayokumbukwa kwa jina la Kiva. Msimulizi wa kale aliyesema kwamba chombo cha kuua humla anayekibeba hakuwa akiwatisha watoto tu.

Na Tanga ndiyo iliyomzaa Shaaban Robert, mwaka 1909. Katika Adili na Nduguze kuna chombo ambacho nakiogopa kuliko upanga wowote niliosoma. Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wamegeuzwa manyani kwa ubaya wao, na Adili, ndugu yao aliyewapenda, amelazimishwa na majini kuwachapa mjeledi kila usiku. Akimaliza huwalisha kwa mkono wake, akilia. Yeye hana kosa. Laana ni ya wengine, lakini mpini uko kiganjani mwake, na usiku hauachi kuja. Shaaban Robert alikuwa peke yake na kalamu, bila hadhira ya kumkatiza, na hakumpunguzia Adili hata fimbo moja. Alikuwa na sikio la watu kichwani.

Ndicho ninachowatakia vijana wanaopokezana hadithi leo. Wachukue sindano ya Liongo na mjeledi wa Adili, wachukue gobore la Mazinde na yule paka aliyelindwa na mwenyewe mpaka akawala watoto wake. Kisha waachiane deni. Wa kwanza aandike kwamba upanga huu hushinda kila vita, na kila ushindi humnyang'anya aliyeubeba neno moja analolijua. Wa pili, badala ya kutafuta mganga wa kuuondoa uchawi, amwingize vitani mara tatu, atoke na jina la mama yake limekwisha kupotea. Wa tatu atakuwa na kazi ngumu na nzuri kuliko wote: amfikishe nyumbani usiku, mlango umefungwa, na mama yuko ndani anauliza, “Nani wewe?”